Siku Moja katika Mji wa Ahmedabad

Watu wa pwani yetu ya Afrika ya Mashariki wamewajua Wagujarati tangu zama za kale. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alikuta vyombo vya Wahindi vimekwisha kutangulia bandarini, na nguo za pamba za Gujarati zilikuwa zikiuzwa Kilwa na Mombasa kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana. Maneno yetu ya pesa, laki na bima asili yake ni lugha za Bara Hindi. Walakini ukimwuliza mtu mji mkubwa wa Wagujarati ni upi, mara nyingi atajibu Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai, nao si wa jimbo la Gujarati. Mji wao mkubwa ni Ahmedabad, yapata maili 300 kaskazini ya huo, kando ya mto Sabarmati. Mwaka 2017 shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UNESCO liliuandika mji wa kale wa Ahmedabad katika orodha ya urithi wa dunia, nao ndio mji wa kwanza wa Bara Hindi kupewa daraja hiyo.

Basi katika mazungumzo haya twataka kuwachukua wasikilizaji wetu wautembee mji huo pamoja nasi, tangu asubuhi hata jua kuchwa, kama tulivyoutembea sisi. Kiongozi wetu alikuwa mzee mwembamba, mwana wa mfumaji wa nguo, naye mwenyewe alikuwa karani katika kiwanda kimoja mpaka kilipofungwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituuliza tulikotoka, tukamwambia, akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akasema twende.

Tulianza saa mbili asubuhi katika mtaa wa Kalupur, penye hekalu la wafuasi wa Swaminarayan. Tangu mwaka 1997 baraza la mji limeweka matembezi ya asubuhi kwa wageni, yanayoanzia hekaluni hapo na kuishia Msikiti wa Ijumaa, na mzee wetu aliifuata njia hiyo katika sehemu ya kwanza ya siku. Hekalu hilo lilimalizika mwaka 1822, nalo lilikuwa la kwanza la madhehebu hayo. Waingereza, ambao walikuwa wameutwaa mji miaka michache tu kabla yake, ndio waliotoa kiwanja. Nguzo zake na mabano ya mapaa ni ya msaji ulioletwa kutoka Burma, nao umechongwa maua, kasuku, tembo na wapanda farasi, kisha ukapakwa rangi kali za kila namna. Sisi tuliozoea milango ya nakshi ya Unguja na Lamu tulisimama hapo muda mrefu kuliko alivyotaka mzee. Hata kule Unguja ipo milango ya kukunjika yenye miraba ambayo watu huiita ya Kigujarati mpaka leo, na hapa tuliona ukoo wake.

Kutoka hekaluni waingia mara moja katika vichochoro. Mji wa kale wa Ahmedabad umegawanyika katika mitaa midogo mingi iitwayo pol. Kila pol ina lango lake lielekealo njia kuu, na zamani lango hilo lilifungwa usiku na mlinzi akalala juu yake katika chumba kidogo. Ndani yake walikaa watu wa ukoo mmoja, au wa kazi moja, au wa dini moja. Mgeni akiingia huona njia imekoma mbele ya ukuta, akarudi. Mwenyeji husukuma mlango mdogo ambao mgeni aliudhania wa nyumba ya mtu, akapita, akatokea mtaa mwingine kabisa. Mzee wetu alitupitisha katika milango ya namna hiyo mitatu, na kwa hakika tulipotokea ya tatu hatukujua tena kaskazini ni wapi.

Mbele ya kila nyumba kuna kibaraza cha jiwe cha kukalia, sawasawa na baraza zetu, na wazee walikuwa wamekaa juu yake na magazeti. Nyumba zenyewe ni nyembamba na ndefu kwenda ndani, zenye ua mdogo katikati ulio wazi juu. Chini ya ua huo limo birika. Maji ya mvua hushuka kwa mifereji kutoka paani mpaka birikani, na humo hukaa gizani, hayapati jua wala vumbi. Mvua za Gujarati hunyesha tangu mwezi wa Juni mpaka Septemba, kisha miezi mingi ni ukavu mtupu, kwa hiyo nyumba isiyo na birika ilikuwa nyumba ya kuomba maji kwa jirani.

Tena katika kiwanja cha karibu kila pol umesimama mnara mdogo wa mbao au wa jiwe, umechongwa vizuri, mrefu kuliko mtu mara mbili. Tulidhani ni ukumbusho wa mtu fulani. Kumbe ni mahali pa kuwawekea ndege nafaka na maji! Wajaini, ambao ni wengi katika mji huu, wameshika sana amri ya kutodhuru kiumbe chochote, na wenyeji wengine wameifuata desturi hiyo.

Katika kiwanja kimoja cha mtaa huo yumo mshairi wa Kigujarati Dalpatram, aliyekufa mwaka 1898, ameketi katika umbo la sanamu mahali ilipokuwa nyumba yake. Watoto walikuwa wamempandia magotini. Mzee hakuwafukuza.

Hapo ndipo alipotuonyesha nyumba iliyofungwa kwa kufuli. Mbao za mbele zilikuwa zimeng'olewa, na mahali pa nguzo za nakshi pamesimamishwa mabomba ya chuma. Alisema wenyewe wamehamia ng'ambo ya mto, kwenye majumba mapya yenye nafasi ya kuweka gari, na nguzo zimeuzwa kwa wafanya biashara wa vitu vya kale. Nyumba nyingine zimekuwa maghala ya bidhaa. Walakini katika tetemeko kubwa la tarehe 26 Januari 2001, nyingi katika nyumba hizi za kale, ambazo kuta zake zimefungwa kwa boriti za mbao ndani ya matofali, zilitikisika zisianguke, na maghorofa kadha wa kadha mapya ya upande wa pili yakaporomoka juu ya watu. Mafundi wa zamani waliijua nchi yao. Ukiipa nyumba viungo vya mbao, yaweza kupepesuka kidogo kisha ikarudi mahali pake.

Toka mitaani tukafika Msikiti wa Ijumaa. Hapa hatuna budi kusimulia mji ulivyoanza. Ahmad Shah, Sultani wa Gujarati, aliuweka mji huu mwaka 1411, akaupa jina lake mwenyewe. Wenyeji husimulia kwamba aliwinda ukingoni mwa mto akaona sungura akiwafukuza mbwa wake, akasema nchi ambayo sungura wake wana moyo namna hiyo ndiyo nchi ya kujenga mji. Tena husema kwamba kamba za msingi zilishikwa na watu wanne, wote majina yao Ahmad, na kila mmoja wao hajapata kuikosa sala ya alasiri maisha yake yote. Sultani mwenyewe alikuwa mmoja, na wa pili alikuwa Shehe Ahmad Khattu, mcha Mungu aliyezikwa Sarkhej nje ya mji.

Ipo na hadithi ya tatu, nayo twaipenda kuliko hizo mbili. Fakiri mmoja wa Kihindu, jina lake Maneknath, alikuwa akisuka mkeka mchana wajenzi walipokuwa wakijenga ukuta, na usiku huufumua mkeka wake, ukuta nao huanguka. Sultani akamwita, akamwuliza uwezo wake una mpaka gani. Maneknath akasema aweza kuingia ndani ya gudulia. Akaingia, na Sultani akaliziba. Walakini walipewa haki zao wote wawili: mji ukaitwa jina la Sultani, na uwanja wa soko kuu ukaitwa Manek Chowk, yaani uwanja wa Manek, hata leo.

Msikiti wa Ijumaa ulimalizika mwaka 1424. Ua wake ni mpana, umetandikwa mawe meupe, nao una hodhi ya kutawadhia katikati. Nyumba ya sala ina nguzo 260 na makuba makubwa 15, na jiwe lake ni la rangi ya asali. Ukizitazama nguzo hizo kwa makini waona kengele zilizochongwa zikining'inia kwa minyororo ya jiwe, na maua ya yungiyungi, na matabaka yale yale ya nakshi yaliyomo katika mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini ya nchi hiyo. Sababu yake ni nyepesi: Sultani alikuwa Mwislamu, lakini waashi wa Gujarati walikuwa wamejifunza kazi kwa baba zao mahekaluni, na mikono haisahau. Sanamu za watu na wanyama hawakuchonga humo. Mengine yote waliyoyajua waliyatia. Minara miwili ya mbele ilikuwa mashuhuri kwa kuwa mtu akiutikisa mmoja, wa pili nao ulitikisika. Ilianguka katika tetemeko la mwaka 1819, na sasa yamebaki mashina yake tu pande mbili za tao la katikati.

Nje ya msikiti, upande wa mashariki, ndipo alipozikwa Ahmad Shah pamoja na mwanawe na mjukuu wake. Kuvuka njia ni makaburi ya malkia, nayo yamezungukwa na wauza nguo hata ni vigumu kuona mlango. Hatukukaa. Manek Chowk yenyewe ni soko la vyakula vya ng'ombe asubuhi, la masonara mchana, na usiku masonara wakisha funga maduka huja wapishi na majiko yao, watu wakala mpaka usiku wa manane.

Saa sita tulikuwa mbele ya Teen Darwaza, maana yake Milango Mitatu. Ni lango kubwa lenye matao matatu, lililojengwa na Ahmad Shah kati ya ngome yake na Msikiti wa Ijumaa, na wakati wa sherehe masultani walitazama kutoka hapo. Siku hizi bajaji, mikokoteni na wanawake wenye vikapu hupita chini yake tangu alfajiri, wala hakuna anayeinua macho. Mzee alituvuta kando, akatuonyesha vitu viwili.

Cha kwanza ni taa ndogo inayowaka katika shimo la ukuta. Husimuliwa kwamba usiku mmoja Lakshmi, mungu wa kike wa mali kwa Wahindu, alifika lango la ngome akitaka kuuhama mji. Mlinzi wa lango, Mwislamu aitwaye Siddique Kotwal, alimtambua. Akamwomba angoje hapo mpaka amwendee Sultani na kurudi na ruhusa, asiondoke kabla yeye hajarudi. Mungu yule akatoa ahadi. Siddique akamweleza Sultani habari, kisha akaomba akatwe kichwa, ili asirudi milele, na ahadi isiishe. Kwa hiyo, wanasema, mali haijauhama mji. Na taa ya Lakshmi huwashwa na watu wa nyumba moja ya Kiislamu, kizazi baada ya kizazi. Hadithi ni hadithi. Lakini taa tuliiona kwa macho yetu, na mafuta yake yalikuwa mapya.

Cha pili si hadithi. Ni bamba la jiwe lenye maandiko, la tarehe 10 Oktoba 1812, wakati mji ulipokuwa chini ya Wamaratha. Liwali wao, Chimnaji Raghunath, aliamuru kwamba binti apewe sehemu yake katika mali ya baba yake bila kipingamizi. Na atakayeivunja amri hiyo, akiwa Mhindu atajibu mbele ya Mahadev, na akiwa Mwislamu atajibu mbele ya Mungu na Mtume. Amri hiyo ilitundikwa langoni, mahali ambapo kila mtu aingiaye sokoni lazima apite. Twawaomba wasikilizaji wetu waufikirie mwaka huo wa 1812, kisha wafikiri ni wapi pengine duniani mabinti walikuwa wameandikiwa neno kama hilo juu ya jiwe.

Mbele kidogo ni ngome ya Bhadra, aliyoijenga Sultani huyo huyo tangu mwaka wa kwanza wa mji. Tuliizunguka upesi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na sehemu nyingi zilikuwa maofisi. Tukiwa nje yake tuliona, ng'ambo ya njia ya magari, msikiti mdogo wa jiwe la manjano. Tukataka kwenda. Mzee akakataa. "Huo ni wa jioni," akasema, "tena ninyi nimewawekea kwa sababu." Hatukumwuliza zaidi, tukapanda bajaji.

Tulitoka katika mji wa kale kwa upande wa kaskazini. Sultani Mahmud Begada aliuzungushia mji ukuta mwaka 1487 hivi, maili sita kwa duara, wenye milango 12. Sehemu kubwa ya ukuta huo ilibomolewa katika karne ya 20, na malango yaliyobaki yamesimama peke yake katikati ya magari. Nje yake, mahali paitwapo Asarwa, mtu ashukaye garini haoni kitu ila kibanda cha mawe chenye kuba. Ndipo unapochungulia ukaona ngazi zikishuka, na chini yake baraza yenye nguzo, na chini yake nyingine, hata matabaka matano, na mwishoni kisima chenye pembe nane. Katika joto la mchana tulishuka, na kila tabaka lilikuwa na ubaridi kuliko la juu.

Kisima hiki kilijengwa na Bai Harir, mwanamke aliyekuwa mkuu wa watumishi katika nyumba ya wanawake ya Mahmud Begada. Maandiko yake yako kwa Kiarabu upande mmoja na kwa Kisanskriti upande wa pili, na yale ya Kisanskriti yana tarehe ya mwaka 1499. Yanasema alitumia fedha 329,000 za wakati ule. Alikijenga penye njia kuu, ili wasafiri na wanyama wasikose maji. Fikirini kazi yake: bandari ya Khambhat ilikuwa kusini ya mji, na misafara ya nguo na nili ilipita huku na huku katika nchi kavu, mtu aliyefika hapo na ngamia kumi wenye kiu hakuuliza malkia ni nani. Wanawake wa mitaa ya karibu walikuja kuteka, wakakaa katika baraza za chini wakizungumza mpaka jua lipungue. Siku hizi maji ya chini ya ardhi yamepungua sana, na mara nyingi sakafu ya kisima ni kavu. Tulikuta kijana mmoja amelala usingizi katika tabaka la pili, kitabu cha shule kifuani.

Kutoka Asarwa njia ya kwenda mtoni hupita Shahibaug. Mzee alimwambia dereva apunguze mwendo, akatuonyesha njia ya lami tu. Hapo palikuwa na kaburi la Wali, mmoja wa washairi wakubwa wa kwanza wa lugha ya Kiurdu, aliyefariki Ahmedabad mapema katika karne ya 18 na ambaye aliipenda sana Gujarati. Katika mauaji ya mwaka 2002, watu wa mji huu walipouana kwa ajili ya dini, kama walivyopata kuuana mwaka 1969, kaburi hilo lilibomolewa, na mara likatiwa lami, magari yakapita. Mzee hakusema neno lingine mpaka tulipofika mtoni. Yeye ni Mhindu. Twasema hivyo kwa sababu alitaka tuseme.

Juu ya ukingo wa Sabarmati pana nyumba chache za chini, zenye mapaa ya vigae, chini ya miti. Hapa Gandhi alifanya makao yake tangu mwaka 1917. Alikuwa amekaa Afrika ya Kusini kwa muda wa miaka 21, tangu 1893 hata 1914, na makao yake ya kwanza baada ya kurudi aliyaweka Kochrab, mtaa mwingine wa Ahmedabad, mwaka 1915. Muda mfupi baadaye aliipokea jamaa moja ya watu ambao Wahindu wa tabaka za juu walikuwa hawawagusi. Waliokuwa wakimsaidia kwa fedha wakaacha, mpaka ikawa hana kitu cha kununulia chakula. Ndipo siku moja tajiri mmoja mwenye kiwanda alipofika kwa gari, akamtilia mkononi noti za rupia 13,000, akaenda zake.

Mzee wetu hakutaka tukae sana mbele ya gurudumu la kusokotea. Alitaka tuusikie mgomo wa mwaka 1918, kwa kuwa babu yake alikuwamo. Kiwanda cha kwanza cha nguo katika mji huu kilifunguliwa mwaka 1861 na Ranchhodlal Chhotalal. Reli ilikuwa haijafika, ikaja mwaka 1864, kwa hiyo mitambo kutoka Uingereza ilivutwa kwa magari ya ng'ombe kutoka pwani. Baada ya hapo viwanda viliongezeka mpaka mji ukafananishwa na Manchester. Mwaka 1918 wafumaji walitaka nyongeza ya mishahara ya 35 kwa mia. Wenye viwanda wakasema 20. Kiongozi wa matajiri alikuwa Ambalal Sarabhai. Aliyesimama upande wa wafumaji alikuwa dada yake wa tumbo moja, Anasuya, pamoja na Gandhi. Kila jioni wafanya kazi walikusanyika chini ya mgunga ukingoni mwa mto. Njaa ilipoanza kuwavunja moyo, Gandhi aliapa hatakula mpaka neno likatike. Siku ya tatu pande mbili zilikubaliana kumpa mwamuzi shauri hilo, na mwamuzi akatoa 35.

Viwanda hivyo karibu vyote vilifungwa katika miaka ya 1980 na 1990. Mzee alitaja majina yake kadha wa kadha mmoja mmoja, kama mtu atajaye jirani waliokufa.

Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi alitoka hapo kwa miguu na watu 78, wakaenda pwani ya Dandi kuchukua chumvi bila kulipa kodi, mwendo wa maili 240. Aliapa hatarudi kukaa mahali hapo mpaka nchi yake ipate kujitawala. Ilijitawala mwaka 1947, naye akauawa Januari 1948, hajarudi kukaa.

Jua lilikuwa limeteremka tulipofika tena karibu na ngome. Mzee akavua viatu, nasi tukavua, tukaingia katika ule msikiti mdogo. Hauna ua mpana wala nguzo 260. Una matao machache tu, na ukuta wa nyuma, wa upande wa magharibi, una madirisha ya nusu duara ya jiwe lililotobolewa, ambayo huko huitwa jali. Katika dirisha moja fundi amechonga mti. Shina lake lainuka karibu na mtende, na matawi yake yajipindapinda, yasokotana, yapishana, yakagawanyika tena kuwa vitawi vyembamba na majani, mpaka yakajaza dirisha lote, wala jicho halioni mahali tawi moja linapoishia na jingine kuanza. Yote ni jiwe. Saa hiyo jua lilikuwa nyuma yake, na mti ulikuwa mweusi juu ya moto. Chuo kikuu kimoja mashuhuri cha mambo ya biashara katika mji huu kimechukua alama yake kutoka dirisha hilo.

"Nani aliyejenga?" tukauliza.

"Mtu wa kwenu," akasema mzee.

Msikiti huo huitwa wa Sidi Sayyid. Katika Gujarati neno Sidi ni jina la watu wa asili ya Afrika. Historia humwita huyu Shehe Said al-Habshi, yaani Mhabeshi. Alimtumikia Sultani Mahmud wa Tatu, na baada ya kifo chake akafuatana na Bilal Jhujhar Khan, ambaye naye alikuwa Mhabeshi na jemadari. Wakati huo Waafrika katika Bara Hindi walikuwa wengi: wengine walinunuliwa na kuuzwa kama watumwa, wengine walikuwa mabaharia na askari, na katika hao waliotoka utumwani wengine walipanda hata wakaongoza majeshi. Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi akauzwa mara kadha, aliishika nchi ya Ahmadnagar katika Dekani na kuwazuia Wamoghuli mpaka alipokufa mwaka 1626.

Sidi Sayyid aliumaliza msikiti wake mwaka 1573 au karibu na hapo. Katika muda huo huo jeshi la Akbar, mfalme wa Wamoghuli, liliingia Ahmedabad, na usultani wa Gujarati ukaisha. Kwa hiyo jengo zuri la mwisho la usultani huo, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa zuri kuliko yote, halikujengwa na sultani. Zama zikapita, sala ikakoma humo. Katika karne ya 19 msikiti ulifanywa ofisi ya serikali, kuta zake zikapakwa chokaa, na makarani wakaweka meza zao mbele ya mti ule. Ofisi iliondolewa mwanzo wa karne ya 20.

Wazao wa Waafrika hao wapo Gujarati hata sasa, katika vijiji kama Jambur karibu na msitu wa Gir. Husema Kigujarati kama jirani zao. Katika sikukuu za walii wao Bava Gor hupiga ngoma na kucheza, na mchezo huo wauita goma. Tulipolitamka neno lile kwa namna yetu, mzee alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akalirudia mara mbili.

Dirisha la katikati limezibwa kwa jiwe tupu, halina nakshi. Tulimwuliza kwa nini. Akasema kila kiongozi wa wageni ana jibu lake, na yeye amechoka kuyasimulia. Mwadhini akaanza kuita sala ya magharibi. Tukasogea kando tuwapishe waliokuja kusali, na mmoja wetu akaenda kutawadha.